Mheshimiwa Sakaja, Kabla ya Kuomba Muhula wa Pili Tusomee Hesabu ya Kila Wadi

Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi, kwa madiwani wa Bunge la Kaunti, na kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC)

Mheshimiwa Gavana,

Umetangaza kwamba utatetea kiti chako Agosti 2027. Ni haki yako. Katiba inaruhusu mihula miwili, nawe bado uko katika wa kwanza. Siandiki kukupigia debe wala kukukataa. Naandika kwa sababu Nairobi haijawahi kumrudisha gavana kazini, na naamini kila tulipofika debeni tulipiga kura bila kuwekewa mezani kazi iliyofanywa na isiyofanywa. Naomba mara hii tuwekewe, na iwe mapema.

Tumetoka mbali kuipata kura hii. Kabla ya 2013 mkazi wa Nairobi hakuulizwa nani aongoze jiji lake. Meya alichaguliwa na madiwani wenzake pale City Hall. Ndivyo Charles Rubia alivyokuwa meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1962, na ndivyo Margaret Kenyatta alivyokishika kiti hicho kuanzia 1970 hadi 1976. Mwaka 1983 serikali kuu ililivunja baraza zima, ikaweka tume, na jiji likaendeshwa na watu wa kuteuliwa hadi 1992. Kwa hiyo haki ya kumwajiri na kumfuta mkuu wa jiji kwa kura yetu wenyewe bado ni changa. Tumeitumia mara tatu tu.

Mara ya kwanza tulimchagua Evans Kidero. Alipotetea kiti mwaka 2017, alishindwa. Mike Sonko akaingia kwa zaidi ya kura 870,000, na Desemba 2020 Seneti ikamwondoa. Kufikia hapo, majukumu makubwa manne ya kaunti, yakiwemo afya na uchukuzi, yalikuwa tayari yamekabidhiwa serikali kuu na kusimamiwa na NMS, idara maalum iliyoundwa kuendesha huduma za jiji, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Anne Kananu, aliyeingia kama naibu gavana wa kuteuliwa, aliumaliza muhula ule bila mpiga kura yeyote kumchagua awe gavana. Kisha mwaka 2022 ukaja wewe kwa kura 699,392.

Wako wanaosema historia hiyo inaonyesha watu wa Nairobi hawaridhiki, leo wanakupenda, kesho wanakugeuka. Sikubaliani nao. Mwaka 2022 jiji lilikuwa na zaidi ya wapiga kura milioni 2.4 walioandikishwa. Kura zako na za mpinzani wako mkuu, Polycarp Igathe, zikijumlishwa hazifiki milioni 1.3. Waliokuchagua ni chini ya theluthi moja ya waliokuwa kwenye sajili. Mamia ya maelfu walikaa nyumbani, wakafua, wakaenda kibaruani, kwa sababu hawakuona kura ya gavana inavyogusa mtaro ulio mbele ya mlango wao. Huo si ugeugeu. Ni watu ambao hakuna aliyewahi kuwapa hesabu.

Na pale hesabu ilipokaribia kutolewa, ilizimwa. Septemba 2025 madiwani walikusanya saini za hoja ya kukubandua. Walilalamikia fedha za maendeleo ya wadi, basari, na jinsi kaunti inavyoendeshwa. Sisi wakazi tukakaa macho kwenye runinga, tukitarajia kusikia mashtaka yakisomwa ukumbini, aya kwa aya, nawe ukijibu. Badala yake viongozi wakuu wa vyama, Rais na marehemu Raila Odinga, waliingilia kati, vikao vikafanyika faraghani, na hoja ikawekwa kando. Labda mashtaka yale yalikuwa ya uongo. Labda ungeyajibu yote ukatoka umesafishwa. Lakini yaliondolewa kabla sisi hatujayasikia, na hadi leo mkazi wa Mathare au wa Lang'ata hawezi kukuambia ni lipi lilikuwa kweli na lipi fitina.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Kesi ya gavana wa Nairobi imekuwa ikisikizwa na wakubwa wa vyama, kisha sisi tunaitwa kutia kura kwenye hukumu iliyokwisha kuandikwa. Mimi nataka isikizwe kwetu.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata hiyo tumechanganyiwa. Jedwali la Nne la Katiba linataja waziwazi yaliyo ya kaunti: kuzoa taka na kusimamia majaa, mitaro ya maji ya mvua, maji na usafi, taa za barabarani, masoko na leseni za biashara, hospitali za kaunti na zahanati, ambulensi, zimamoto, na elimu ya chekechea. Hayo ndiyo tuliyokuajiri uyafanye. Mengine ni nyongeza.

Nasema hivyo kwa sababu ya Dishi na County, mpango wako wa kuwapa wanafunzi chakula cha mchana. Mpango ule ni mzuri, na nitausifu bila kusitasita. Tangu 2023 mtoto wa shule ya umma anagusisha bangili yake kwenye mashine, anapewa sahani ya wali na maharagwe au ndengu, na mzazi anachangia shilingi tano. Mama anayefua nguo za watu ili alishe watoto watatu anajua thamani ya sahani hiyo kuliko mchambuzi yeyote wa siasa. Lakini shule za msingi kikatiba ni za serikali kuu. Ya kaunti ni chekechea. Uliamua kubeba mzigo usio wako, na kwa hilo asante. Ninachokataa ni sahani hiyo kutumiwa kama jibu kila tunapouliza habari za taka. Watoto hao hao wanaolishwa saa saba mchana wanarudi nyumbani wakiruka rundo la uchafu.

Kwa hiyo tuzungumze taka.

Katika mitaa mingi ya Eastlands, aliyezoa taka za wiki hii si kaunti. Ni vijana wa kikundi cha mtaa, wenye mkokoteni wa magurudumu mawili na magunia yaliyoshonwa yakawa marefu kama godoro. Wanapita ploti kwa ploti, keyateka anawafungulia geti, wanabeba mifuko. Mpangaji au mwenye nyumba ndiye anayewalipa. Kisha wanasukuma mkokoteni hadi mahali pa kukusanyia, ambapo mara nyingi ni kando ya barabara tu, karibu na soko au ukuta wa shule, na hapo ndipo lori la kaunti linapotakiwa kuja. Lori likija, mtaa unapumua. Lisipokuja siku mbili, rundo linamwagika barabarani. Likikosa wiki, matatu zinaanza kupita upande mmoja, mama mboga anahamisha kibanda chake, na mtu asiyejulikana anawasha moto usiku. Moshi wa plastiki unaingia kila dirisha.

Mkazi amekwisha kulipa kijana wa mkokoteni. Kipande kilichobaki, cha kutoka rundoni hadi jaani, ni chako peke yako. Ndiyo maana Februari 2025, malori yalipomwaga uchafu mlangoni pa Stima Plaza, makao makuu ya kampuni ya umeme, katikati ya mvutano wa madeni kati yake na kaunti, watu wengi walikasirika kuliko pengine ulivyotarajia. Sina haja ya kuamua nani alikuwa akimdai nani. Lakini mtu aliyekaa na rundo mlangoni pake aliona kwamba malori yapo, madereva wapo, na mafuta yapo.

Na jaa lenyewe, Dandora. Linapokea taka za jiji tangu miaka ya sabini. Lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye kitambulisho na kura, na bado malori yanapanda mlima ule ule kando ya Mto Nairobi, nyumba na shule zikiwa jirani. Ahadi ya kugeuza taka kuwa umeme tumeisikia utawala baada ya utawala. Sitaki ahadi nyingine ya mtambo. Nataka uniambie, wadi kwa wadi, malori mangapi yanafanya kazi, mangapi yameharibika, ratiba ya kuzoa ni siku zipi, na katika miezi kumi na miwili iliyopita ratiba hiyo ilitimizwa mara ngapi. Takwimu hizi lazima ziwe City Hall, maana mafuta ya malori yanalipiwa na malipo yana risiti.

Mitaro ni ndugu wa taka, maana kisichozolewa huishia humo. Aprili na Mei 2024 maji yalibeba watu na nyumba Mathare, Mukuru na kwingineko. Baada ya maji yakaja matingatinga kubomoa nyumba zilizokuwa kando ya mito. Aliyepoteza kitanda kwa mafuriko akapoteza na ukuta. Serikali kuu ikasema lake, kaunti ikasema lake, na mpaka sasa mpangaji wa kawaida hajui kama mtaro wa mtaa wake ni wa kaunti, wa mamlaka ya barabara, au wa mradi wa kusafisha mto. Kikatiba mitaro ya maji ya mvua mjini ni ya kaunti. Lakini nenda uutazame mmoja: mfuniko wa chuma uliibwa, shimo limewekewa jiwe na tawi la mti ili watembea kwa miguu wasitumbukie, ndani kuna chupa za plastiki na mabua ya miwa. Mvua ikinyesha saa moja, mwenye duka la nafaka anaanza kupandisha magunia juu ya kreti za soda. Anajua kipimo. Kreti mbili zinatosha mvua ya kawaida, tatu mvua ya Aprili.

Ripoti ninayoomba iseme mitaro gani ilizibuliwa kabla ya msimu wa mvua ndefu, lini, na kwa shilingi ngapi. Isiseme "mitaro mbalimbali katika kaunti". Itaje barabara kwa jina.

Habari ya hospitali nitaipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa wahudumu wake wamekwisha kuisema. Pumwani, Mama Lucy na Mbagathi zinabeba watu wengi kuliko zilivyojengewa. Tuambie wahudumu wangapi wameongezwa na dawa zipi zilikosekana kwa muda gani. Inatosha.

Madeni nitayakalia zaidi. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimeonyesha malimbikizo ya madeni ya Nairobi yakipita shilingi bilioni 80, mengi kuliko kaunti nyingine yoyote. Mapato yenu ya ndani mwaka wa fedha wa 2024/25 yalikuwa zaidi ya bilioni 13, na mlijivunia kuwa hayajawahi kufika hapo. Hongereni. Lakini weka namba hizo mbili pamoja: hata kila shilingi ya mapato hayo ingelipa deni tu, bila mishahara wala mafuta, ingechukua takriban miaka sita. Najua sehemu kubwa ni urithi, mengine ya tangu baraza la zamani. Najua pia kwamba katika lundo hilo yamo madai yasiyo na kichwa wala miguu. Ndiyo sababu hasa orodha inafaa kuwa wazi. Yuko mtu aliyeuza glavu na sabuni kwa hospitali ya kaunti, akakopa benki kuzinunua, na hajalipwa. Anangoja pamoja na mwenye dai la kubuni, na hakuna awezaye kuwatofautisha kwa nje. Chapisha: nani anadai, tangu mwaka gani, kwa kazi ipi, nani amelipwa tangu uingie, na foleni inafuata utaratibu gani. Deni likibaki siri, kila malipo ya mwaka wa uchaguzi yataonekana kama mchango wa kampeni, hata yale ya haki kabisa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 tayari inakutaka uwasilishe kila mwaka katika bunge la kaunti ripoti ya utekelezaji wa sera na mipango. Siombi kitu kigeni. Naomba ripoti hiyo ivuke kuta za City Hall, ikatwe vipande 85 kulingana na wadi, iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe mbele ya wanaoishi huko. Hata katika chama cha akina mama cha mia mbili mia mbili, mweka hazina haombi kurudishwa kabla hajafungua daftari na kulisoma wote wakisikia.

Waheshimiwa madiwani,

Ninyi ndio mnaolipwa kumsimamia gavana. Kama mlikuwa na ushahidi Septemba 2025, ulikwenda wapi? Na kama hamkuwa nao, mlitia saini nini? Siulizi kwa kejeli. Nauliza kwa sababu wengi wenu nanyi mtarudi kuomba kura siku hiyo hiyo. Fedha za maendeleo ya wadi ni jambo la maana, na mlikuwa na haki ya kuzidai. Lakini diwani anayenyamaza mara tu fedha za wadi yake zinapoahidiwa amefanya biashara, hajafanya usimamizi. Mwitieni gavana kikao cha wazi, muulize yote mliyoandika katika hoja ile, na kikao kipeperushwe moja kwa moja. Akijibu vizuri, sisi ndio tutakaokuwa wa kwanza kusema amejibu.

Mwenyekiti wa IEBC, Bwana Ethekon, pamoja na makamishna wako,

Katika kila kinyang'anyiro cha ugavana, anayetetea kiti huingia na vitu ambavyo mpinzani hana: magari, wafanyakazi, mabango ya jiji, na gwaride la uzinduzi kila wiki. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kifungu cha 14, inakataza mali ya umma kutumika katika kampeni, na inakataza serikali, ya taifa au ya kaunti, kutangaza mafanikio yake kwa matangazo na mabango wakati wa kipindi cha uchaguzi. Nairobi inahitaji kusikia kutoka kwenu, mapema na kwa lugha nyepesi, kifungu hicho kitasimamiwaje. Bango la mradi lenye picha kubwa ya gavana na herufi ndogo za gharama litahesabiwa nini? Lori la kaunti likibeba vijana kwenda mkutanoni, mkazi amripotie nani, na atajibiwa baada ya siku ngapi?

Kuna pia Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013. Uchaguzi wa 2017 ulipita bila hiyo kutumika. Wa 2022 vilevile, baada ya Bunge la Taifa kuzikataa kanuni zake. Ugavana wa Nairobi ni kati ya viti vya gharama kubwa zaidi nchini baada ya urais, na sisi hatujui nani hulipia fulana, magari na masanduku ya spika. Anayelipia atataka kurudishiwa, na sisi tumekwisha kuona kwamba zabuni za jiji hazikosi njia ya kurudisha. Zipelekeni kanuni hizo tena bungeni, na iwe sasa, kabla kila mbunge hajawa na mgombea wake wa kulinda.

Kwa wanaokimezea mate kiti hiki nina neno moja tu, maana hawajashika usukani. Msituambie Sakaja ameshindwa kisha mkaishia hapo. Tuambieni Dandora mtaifanyaje, jaa jipya litakuwa wapi, watu wa huko wameulizwa nini, na bilioni 80 mtazilipa kwa mpango upi. Kelele za mikutano tunazo za kutosha.

Mheshimiwa Gavana, narudi kwako na ombi lenye tarehe. Ripoti ya wadi zote 85, yenye taka, mitaro, taa, masoko, zahanati na madeni, iwe imechapishwa kabla vyama havijaanza kura za mchujo. Baada ya mchujo kila karatasi itasomwa kama kampeni. Kisha uje uisome mwenyewe katika kila moja ya maeneo bunge 17. Kumbi za kaunti zipo, Kaloleni ipo, Pumwani ipo, na pasipo na ukumbi kuna uwanja wa shule. Kikao kiwe jioni au Jumapili alasiri, kwa sababu anayeshinda Industrial Area hawezi kuja saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Kipaza sauti kiwe cha wakazi, si cha mfawidhi anayejua nani wa kumpa. Diwani wa eneo awepo. Mhandisi wa mitaro na msimamizi wa malori wawepo pia, maana wao ndio wanaojua jibu.

Ukitukuta tumekosea, tuonyeshe risiti na lori. Ukikuta tulikuwa na haki, tuambie kitakachofanyika katika miezi iliyobaki, si katika muhula ujao. Mimi nitakuja kikao cha Embakasi ya Kati, na nitakuwa na maswali mawili: ratiba ya lori la taka la Kayole, na jina la mtu anayeisimamia.

Wako katika ujenzi wa jiji,
Mpiga kura, Kayole